Ukichoshwa na Sukari: Msaada wa Moyo na Mahali pa Kuupata

Jirani yangu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza vitenge, aliwahi kuniwekea mezani daftari lake la kliniki ya sukari nimsomee. Ukurasa ulikuwa na safu nzuri ya namba: 7.1, 6.9, 7.0, 7.2, wiki mbili nzima bila hata siku moja kuruka. Ila wino ulikuwa mmoja, na mwandiko wote umelala upande mmoja, kama wa mtu aliyekaa akaziandika kwa mkupuo. Nikamtazama. Akasema, "Nimeziandika jana usiku. Kesho ni kliniki, na mimi sitaki kugombezwa." Mashine yake ya kupimia ilikuwa kabatini tangu mwezi uliopita, imeviringishwa ndani ya soksi.

Mama huyu si mzembe. Amehudhuria kliniki mwaka wa tisa sasa, na anajua chakula kipi ale na kipi aache kuliko mimi. Alichonacho ni uchovu. Kila siku akiamka sukari ipo. Akialikwa harusini sukari ipo, akifiwa sukari ipo. Akijitahidi mwezi mzima, namba inaweza kupanda bila sababu anayoijua, na akifika kliniki anaulizwa amekula nini. Kama na wewe umewahi kuficha mashine, kuruka sindano kwa sababu umechoka tu, au kulia njiani ukitoka kliniki, makala haya yameandikwa kwa ajili yako.

Hali hii watafiti wanaijua, na wana kipimo chake. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake katika kituo cha kisukari cha Joslin, Boston, Marekani, walichapisha maswali ya kupima mzigo wa moyoni anaoubeba mtu mwenye kisukari, na leo yanatumika yakiwa 20. Hapa nitauita msongo wa kisukari. Unatofautiana na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomwondolea mtu hamu ya kila kitu. Mwenye sonona hata mjukuu akicheka mbele yake hafurahi. Mwenye msongo wa kisukari anaweza kucheka na kufanya kazi vizuri, ila ukimtajia sukari uso unabadilika. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kusaidiwa.

Je, ni watu wachache tu wanaosumbuka hivi? Hapana. Utafiti mkubwa uliopewa jina la DAWN2, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2013, uliwauliza watu zaidi ya 8,500 wenye kisukari katika nchi 17. Karibu 45 katika kila 100 walikuwa na msongo mzito wa kisukari, na karibu 14 walikuwa na dalili zinazoelekea sonona. Kabla ya hapo, mwaka 2001, watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakazijumlisha, wakaona kuwa uwezekano wa kupata sonona kwa mwenye kisukari ni kama mara mbili ya asiye nacho. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kliniki na wenzako kumi, kuna wanne au watano ambao huenda wamebeba mzigo kama wako, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Wengi huuliza kama moyo unaweza kupandisha sukari. Unaweza, na kwa njia mbili. Mtu akiwa na hofu au mawazo mengi, mwili hutoa kemikali kama adrenalini na kotisoli, ambazo kazi yake ni kuuandaa mwili kukabili hatari. Kemikali hizo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Ndiyo maana unaweza kulala na njaa baada ya ugomvi na asubuhi ukakuta namba imepanda. Njia ya pili ni ile ya yule jirani yangu: aliyechoka huacha kupima na huruka dawa, na kutembea kwa miguu hukumbuka akishafika kitandani.

Sasa watafiti wamejifunza nini katika miaka hii thelathini? Mwanzoni walidhani kwamba wakiitibu sonona peke yake, sukari nayo itatulia. Mara nyingi mtu alipata nafuu ya moyo, lakini sukari ikabaki palepale. Ndipo wakaanza kutibu vyote kwa pamoja, chini ya timu moja. Mwaka 2010 huko jimbo la Washington, Marekani, wauguzi waliopewa mafunzo waliwafuatilia watu wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo, au vyote viwili. Waliwapigia simu, wakapanga nao malengo, wakarekebisha dawa kwa kushauriana na madaktari. Baada ya mwaka, huzuni, sukari na shinikizo la damu vyote vilikuwa vimeshuka zaidi kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida.

Utafiti ninaouthamini zaidi ni wa India, kwa sababu unafanana na kwetu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2020. Watu 404 wenye kisukari na dalili za sonona walifuatiliwa miaka miwili katika kliniki nne, Delhi, Chennai, Bangalore na Visakhapatnam. Waliokaa na mgonjwa hawakuwa madaktari. Walikuwa waratibu wa huduma waliofundishwa kusikiliza, kuhimiza na kufuatilia, huku daktari bingwa wa akili akipitia mafaili na kutoa ushauri. Waliopata huduma hiyo, kama 72 katika kila 100 walipungukiwa na dalili za sonona kwa nusu au zaidi na papo hapo wakashusha angalau kimoja kati ya sukari, shinikizo la damu na kolesteroli, dhidi ya 57 kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kwa nchi zenye madaktari wa akili wachache kama zetu, habari hiyo ni kubwa: muuguzi wa kituo chako, akifundishwa, anaweza kuifanya kazi hii.

Zimbabwe walikuwa wameshaliona hilo, ingawa si kwa kisukari peke yake. Tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza nao hatua kwa hatua mpaka wapate pa kuanzia. Kwa Kishona hali inayowaleta watu benchini huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Na sisi tunasema vivyo hivyo: "Ana mawazo." Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa mazungumzo hayo yanapunguza dalili za sonona na wasiwasi, na mpango huo umeshafika Malawi na hata Zanzibar.

Jambo jipya zaidi linahusu nini hasa kizungumzwe. Kwa muda mrefu kliniki ziliamini kwamba mtu akipewa elimu zaidi atatulia. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliolinganisha njia tatu kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu siku ya kwanza: elimu peke yake, mazungumzo ya hisia peke yake, na mchanganyiko wa vyote viwili. Njia zote zilisaidia, lakini kwa kupunguza msongo wale waliozungumzia hofu, aibu na hasira zao walifika mbali zaidi na wakadumu. Nami nakubaliana nao. Mtu aliyekwisha kusikia mara mia kwamba ugali upimwe hahitaji mara ya mia na moja. Anahitaji kuulizwa, "Unaendeleaje moyoni?"

Basi uanzie wapi? Anza nyumbani, kwa dakika tano na kalamu. Yale maswali 20 yana toleo fupi la maswali matano, na nayaeleza hapa kwa maneno ya kawaida. Je, ukifikiria kuishi na kisukari unaogopa? Je, ukikifikiria unaingiwa na huzuni? Je, unahangaika kuhusu siku za mbele na madhara yanayoweza kuja, kama vile upofu au kukatwa mguu? Je, kisukari kinakula nguvu zako nyingi za mwili na akili kila siku? Je, unapata shida kukabiliana na madhara yaliyokwisha kutokea? Kila swali jipe alama kuanzia 0, maana yake si tatizo kabisa, hadi 4, maana yake ni tatizo zito. Jumlisha. Ukifikisha 8 au zaidi kati ya 20, mzigo wako unastahili kuzungumzwa kliniki. Alama hizo hazikupi jina la ugonjwa. Zinakupa neno la kuanzia mbele ya daktari.

Kisha jiulize mawili zaidi. Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, siku nyingi umejisikia mnyonge au umekata tamaa? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda mapema.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna kosa linaloweza kuleta madhara. Moyo kwenda mbio, jasho jembamba, mikono kutetemeka, hofu isiyo na sababu: hizo ni dalili za wasiwasi, lakini ni dalili pia za sukari kushuka. Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, mbili hizi zinafanana kama kurwa na doto. Usikisie. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 3.9 kwa mashine zetu za kawaida, kunywa maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula kitu. Kama huna mashine karibu, chukulia kwamba ni sukari imeshuka na unywe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, apelekwe hospitali mara moja. Na kama namba iko sawa ila hofu haiondoki, andika saa na tarehe daftarini, kwa sababu maandishi hayo yatamsaidia sana utakayezungumza naye.

Ukifika kliniki useme nini? Foleni ni ndefu, na dakika za kuonana na daktari ni chache. Usianze na namba. Sema sentensi moja tu, mapema, kabla daftari halijafunguliwa: "Dokta, leo nataka kuzungumzia moyo wangu, sukari imenichosha." Au kwa muuguzi: "Sista, nimeacha kupima, na nimekuja kukuambia ukweli." Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi. Jirani yangu aliisema, huku amelishika daftari lake lenye namba za uongo kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Muuguzi akasogeza kiti, akasema, "Kaa, mama. Tuanze na siku moja tu kwa wiki." Aliporudi nyumbani aliitoa mashine kwenye soksi. Anapima Jumapili, asubuhi na jioni, na ukurasa wake sasa una 11.4 na 9.8, kwa kalamu mbili tofauti. Namba bado hazipendezi, lakini ni za kweli, na kwa sababu hiyo daktari ameweza kumbadilishia dawa.

Nani hasa atakusaidia? Katika zahanati na vituo vya afya, anza na muuguzi au daktari anayekuhudumia. Hospitali za wilaya na za mkoa nyingi zina ofisi ya ustawi wa jamii, na baadhi zina wauguzi wa afya ya akili na wanasihi, yaani watu waliosomea kutoa ushauri nasaha. Ikihitajika zaidi, utaandikiwa rufaa. Kwa Tanzania, Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe na Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Nairobi kuna Mathari. Najua majina haya yanatisha, na mitaani yamefanywa matusi. Lakini kuna watu wengi wanaoingia humo asubuhi, wanazungumza na mtaalamu, na saa sita wamerudi kazini.

Gharama je? Tanzania, ada ya kumwona daktari hutofautiana kwa kituo, hivyo uliza dirishani kabla ya kulipa. Kama una bima, uliza kama ushauri nasaha umo. Kama huna uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo na barua kutoka serikali ya mtaa au kijiji chako, kwa sababu sera ya afya inawataja wenye kisukari na wenye magonjwa ya akili miongoni mwa wanaostahili msamaha, pamoja na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Nakutahadharisha tu kwamba msamaha hauleti dawa iliyokosekana stoo, na watu wengi huishia kununua nje. Kenya, jisajili kwanza na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#. Aliyesajiliwa hupata huduma za zahanati na vituo vya afya bila malipo. Ili bima ikugharamie hospitali kubwa, ni lazima uchangie asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa simu, namba za bure ni 199 ya Wizara ya Afya kwa Tanzania, na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa Kenya, ambayo hasa ni ya msaada wa kisaikolojia. Kwa mtoto, 116 inapatikana nchi zote mbili.

Dawa za sonona zipo na zinasaidia, ila mwambie daktari kwamba una kisukari na umtajie dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi huongeza uzito na nyingine hugusa sukari. Zinachukua wiki kadhaa kabla hujaona mabadiliko, na usiziache ghafla. Jambo lingine limewachanganya wengi. Miguu ikiwaka moto usiku, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini, na ukisoma karatasi yake utaona ni dawa ya sonona. Hajakuona mwendawazimu. Dawa hiyo kwa kiasi kidogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu.

Kuna pia msaada usiohitaji dirisha lolote. Kliniki nyingi zina vikundi vya wenye kisukari, na Chama cha Kisukari Tanzania kinaweza kukuelekeza kilicho karibu nawe. Kama hakipo, waombe wenzako watatu wa benchi namba za simu. Watu wenye ugonjwa mmoja huambiana mambo wasiyomwambia daktari: mwanamume aliyepungukiwa nguvu za kiume na hajamwambia mkewe, binti anayejidunga chooni shuleni ili wenzake wasimwone, mzee anayejiona mkosefu kwa kushindwa kufunga Ramadhani. Mambo haya yote yana majibu. Nguvu za kiume zina tiba, walimu wanaweza kuelezwa, na kuhusu kufunga, muulize daktari wako na sheikh wako wote wawili kabla ya mwezi kuandama.

Na nyinyi mnaoishi na mwenye kisukari, nina ombi. Msimsimamie sahani. Kumwambia mtu mbele ya wageni "hiyo si yako" humfanya ale kwa kujificha. Muulizeni, "Nikusaidie nini?" kisha mfanye hilo atakalolitaja. Pikeni chakula kimoja kwa wote. Tembeeni naye jioni. Siku ya kliniki mmoja aende naye, akae nje kama hatakiwi ndani.

Kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kufa, au unafikiria kuacha insulini makusudi ili mambo yaishe, mwambie mtu leo hii, kabla ya jua kuzama, na muende pamoja hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Nyumbani, mtu mwingine azishike dawa na insulini, akupe kwa saa zake. Hali hii inatibika, na wahudumu wa dharura wameshawapokea wengi kabla yako.

Kwa wengine wote, rudia yale maswali matano baada ya miezi mitatu, ambao pia ni muda mzuri wa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Andika alama za moyo pembeni ya namba ya sukari, katika ukurasa uleule wa daftari. Kama alama hazijashuka, rudi useme hivyo, na uombe njia nyingine au mtu mwingine wa kuzungumza naye. Muuguzi mmoja akikujibu vibaya, subiri zamu ibadilike umwendee mwenzake.